Kuta za Shoto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, miwani puani, na kifua kimekuachia angalau upate usingizi wa kutosha. Mama naye hajambo? Goti lake je? Mwambie dawa ya kuchua niliyomtumia ni ya kupaka asubuhi na jioni, si ya kuwekwa kabatini kusubiri wageni. Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, na kazi ipo. Majirani wote niliowahi kukutajia wanakusalimu, hata wale ambao hawajui kama wewe ni mnene au mwembamba.

Barua yako ilifika salama. Nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Najua unashangaa kwa nini nakujibu kwa barua wakati simu ninayo. Baba, kwenye simu wewe hupaza sauti na mimi hukubali kila kitu. Sijawahi kukwambia kwa simu neno jingine zaidi ya ndiyo Baba, sawa Baba, nimesikia Baba. Tukishakata ndipo maneno yangu huja, yamechelewa, na hakuna tena wa kuyasikiliza. Kwa hiyo leo nimefunga mlango, nimeketi, na nimeamua kukuandikia mpaka mwisho.

Umenieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba nirudi nyumbani moja kwa moja kabla ya mvua za kupanda, niingie katika nyumba uliyomjengea marehemu kaka, maana nyumba isiyo na mtu hugeuka makao ya popo, na wewe huna tena nguvu za kulima peke yako. La pili, kuhusu binti yangu. Umesema mchumba wako huyo ameanza shule na ni mwepesi wa kushika, ila anaandika na kula kwa mkono wa kushoto, na umeshaanza kumfunga mkono huo kwa kitambaa kama ulivyomfanyia kaka utotoni. Umesema nisiwe na wasiwasi kwa kuwa kaka alipona kabisa. Yote mawili nitayajibu. Nakuomba tu usirukie mwisho, kwa sababu jibu la moja limo ndani ya jibu la lingine.

Unakumbuka nilivyokuja huku. Tulikuwa tumemzika kaka, matanga yameisha, ukanituma nije nikusanye vitu vyake, nikabidhi chumba kwa mwenye nyumba, nirudi. Nilikuja na begi tupu. Nilikuambia baadaye kwamba nimepata kibarua palepale alipokuwa akifanya kazi kaka, na kwamba nitabaki kidogo. Hicho kidogo sasa ni mwaka wa tatu. Watu wa nyumbani wanasema mji umenimeza, na wewe mwenyewe umeandika kwamba taa za umeme zimenipofusha. Ingekuwa taa ningekwambia.

Siku ile nilifungua chumba cha kaka mchana kweupe, na bado niliogopa. Mlango wenyewe ulinipiga bega. Milango yote ya nyumba hii ya kupanga hufunguka kwenda kulia. Wa kaka hufunguka kwenda kushoto, kwa sababu aling'oa bawaba akazihamishia upande wa pili. Swichi ya taa niliipapasa nisiipate. Msumari wa taulo, rafu ya sabuni, ndoano ya kikombe, kiti na meza, kila kitu kilikuwa upande ambao sikukitarajia. Usiku niliposhikwa na kiu, nilinyoosha mkono wa kulia kutafuta kopo la maji nikagusa ukuta mtupu. Nilijisemea kwamba kaka alikuwa ameingiwa na ukorofi wa mjini.

Asubuhi yake mtu aligonga dirisha kwa nguvu akiita kwamba Shoto aamke, jua limeshatoka. Kisha akaacha ghafla kugonga. Nilipofungua nilimkuta mpangaji wa chumba cha tatu, ambaye ni mlinzi wa duka la vyuma na hurudi asubuhi kulala wakati wengine wanatoka. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani. Aliniomba msamaha, akasema ni mazoea, kwamba kila akirudi zamu ndiye aliyekuwa akimwamsha marehemu. Nikamuuliza Shoto ni nani. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akasema Shoto ni kaka yako, wewe hujui?

Sikujua. Wewe pia hukujua, Baba, na ndiyo maana naliandika jina hilo hapa. Huku kaka alikula kwa kushoto, akanyoa ndevu kwa kushoto, akashika mwiko wa plasta kwa kushoto, na mtaa mzima ukamwita hivyo kwa mapenzi. Hakupona. Alikuwa akituficha tu alipokuja nyumbani.

Halafu kuna jambo lililonitisha kuliko jina. Walianza kunisimulia habari zake. Mama mwenye nyumba, ambaye hacheki hata akitekenywa, aliniambia kwamba alimruhusu kugeuza mlango kwa sababu alimchekesha mpaka akasahau kukasirika. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alisema Shoto alikuwa akiimba bafuni mpaka watu wanamgongea atoke. Alikuwa akiwaigiza wote, mwenye nyumba, msimamizi wa kazi, hata mbuzi wa jirani. Nilikaa nikasikiliza nikidhani wamekosea, wanamsema mpangaji mwingine. Kaka ninayemjua mimi alikuwa mtu wa kuketi mikono magotini na kujibu anapoulizwa. Wewe ulimsifu kwa utulivu wake. Wajomba walisema mji umempa kiburi, hataki kuongea na washamba. Kumbe alikuwa anaangalia mikono yake isimponyoke.

Fundi cherehani alinieleza pia kwamba kila ilipokaribia safari ya nyumbani, kaka alianza mazoezi. Siku kadhaa kabla ya kupanda basi alikuwa akila kwa mkono wa kulia, chakula kinamwagika, nao wanamcheka, naye anacheka pamoja nao akisema anaufundisha mkono adabu za kwao. Akirudi huku alikuwa akikaa siku kadhaa bila kupanda jengoni. Alikuwa akikoroga saruji chini na kubeba mchanga, akingoja mkono wa kushoto urudi mahali pake. Msimamizi alilijua hilo na alimwachia.

Basi begi langu likabaki tupu. Nilisema nitafungasha kesho, na kesho ikaja na hadithi nyingine ya kaka ambayo sikuwa nimeisikia. Ndugu yangu niliyekuwa nimemzika alikuwa mtu mmoja, na huku kulikuwa na mwingine ambaye sikuwahi kuonana naye. Nilitaka kumfahamu kabla sijaondoka.

Nimewahi kuwauliza wapangaji wenzangu kwa nini wao hawarudi makwao. Fundi cherehani anasema ni umeme na shule ya wanawe, maana huku mtoto akiugua dispensari iko ng'ambo ya barabara. Mlinzi hasemi kwamba amebaki. Kila mwaka anasema mwakani anarudi, ameshanunua hata jembe jipya, liko chini ya kitanda limefungwa kwa gazeti, na mkewe huko kwao ameacha kumwuliza. Mwanamke mmoja tunayefanya naye kazi, tunayemwita Mama Karai, alijibu kwa ufupi zaidi. Alisema kwao anaitwa mjane, tangu asubuhi mpaka jioni, mjane pita huku, mjane keti kule. Huku anaitwa kwa kazi yake. Nilimwelewa, lakini sikujua bado kwamba jibu lake lilikuwa la kaka pia.

Huyo Mama Karai nikueleze vizuri, kwa sababu utahitaji kumjua. Ni mtu mzima, rika la shangazi mdogo, mwembamba ila ana mikono ya chuma. Kazi yake ni kuwapelekea mafundi saruji iliyokorogwa. Anajaza karai, anapanda ngazi, anamwinulia fundi aliye juu ya ubao wa jukwaa. Fundi wa plasta hageuki kutazama. Macho yake yako ukutani, maana saruji ikianza kukauka haimsubiri mtu. Anaushusha tu mkono wake wenye nguvu, anapokea, anaendelea. Msaidizi mzuri anajua mkono wa kila fundi wake. Mama Karai alikuwa msaidizi wa kaka tangu kaka alipoanza kazi, na msimamizi aliponiweka mimi katika nafasi ya marehemu akanipa na msaidizi wake.

Miezi ya kwanza ilikuwa taabu. Mimi natumia mkono wa kulia kama unavyojua, na kila nilipoushusha sikukuta kitu. Karai lilikuwa upande wa kushoto. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa utani, siku moja nikamwambia kwa hasira. Aliitikia, kisha akarudia kosa lilelile, na uso wake ulibadilika kila aliporudia. Mwishowe niliacha. Nikajifunza kupokea kwa kushoto, na taratibu nikaanza kuitwa Shoto. Kwanza ilikuwa mdogo wake Shoto, baadaye jina likafupishwa, siku hizi hata msimamizi ananiita hivyo bila kufikiri. Nami naitika, Baba. Naitika jina la mtu aliye kaburini, najua ni lake, na bado naitika.

Sasa nikwambie kuhusu kuta. Fundi akisawazisha plasta huizungusha kwa mkono, duara juu ya duara, na alama hizo hubaki ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa mkavu huzioni. Mvua ikiupiga, kama haujapakwa rangi, maji huzifuata na duara zote hujitokeza. Za mtu wa mkono wa kulia hulalia upande mmoja, za kaka hulalia upande wa pili. Mara ya kwanza kuziona nilikuwa nimejikinga mvua chini ya paa la duka, nikainua macho, nikaukuta ukuta wote mbele yangu umejaa mkono wa kaka. Nikatoka kwenye mvua nikaugusa. Tangu hapo kila mvua ikinyesha mimi natoka wakati wengine wanaingia. Nimemkuta kwenye uzio wa shule, kwenye ghala, na kwenye ukuta wa nyuma wa kliniki, ambao ni mkubwa na ameupiga kwa furaha, unaona kabisa kwamba alikuwa na furaha. Hapo mlinzi wa kliniki aliniuliza kama nina mgonjwa ndani. Nilimjibu kwamba ninaye.

Kuna siku nikiwa kazini nasikia mwiko mwingine ukikwaruza ukuta upande wangu wa kushoto, kwa mwendo uleule wa kwangu. Nikisimama unasimama. Sigeuki kutazama. Sisemi ni mzimu, maana najua utaniambia niende kuombewa, na mama atakosa usingizi. Nakwambia tu kwamba nausikia, na kwamba siku nisipousikia narudi chumbani nikiwa na huzuni.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini sijarudi, hilo ni jibu la kwanza. Nyumbani kaka amekufa. Ana kaburi, tumelisakafia, na jina lake halitajwi mezani kwa sababu umekataza lisitajwe mama asije akalia. Huku bado anatajwa kila siku, anachekwa, anasengenywa, anadaiwa kurudisha nyundo ya watu. Niliona kwamba nikiondoka nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii peke yangu.

Jibu langu la pili ni ile nyumba yenyewe. Nivumilie hapa, Baba, maana najua ulivyoijenga kwa jasho. Safari yake ya mwisho kaka alikaa kwetu mwezi mzima, kinyume na kawaida yake, kwa sababu ulimwambia nyumba ni yake, aipige plasta mwenyewe kabla hajaoa. Nakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea maji. Wewe uliweka kiti chako katikati ya chumba, ukawa unamtazama anavyofanya kazi na kuwaambia wapita njia waje waone fundi wa mjini. Alifanya yote kwa mkono wa kulia. Wakati ule sikujua kazi hii, nikadhani plasta ndivyo inavyokuwa.

Mwaka jana nilipokuja kuwasalimu niliingia mle ndani nikiwa fundi. Nilipitisha kiganja ukutani. Kuta zina mawimbi, pembe hazikukutana, na kule juu kuna mashimo ambayo hata kibarua wa wiki ya kwanza angeyaonea aibu. Hiyo ni kazi ya mtu ambaye huku alikabidhiwa kliniki nzima peke yake. Nilizunguka vyumba vyote na kopo la maji, nikilowesha kuta na kutafuta alama yake nisiione. Kisha nikafunga mlango wa chumba cha ndani, na nyuma yake, chini, mahali ambapo kiti chako hakikuweza kuona, nikakuta kipande cha ukuta laini kabisa, hata sahani haikifikii. Nilipokilowesha, duara zake zikajitokeza zimelalia kushoto. Alijiibia kidogo ulipokwenda kunywa maji, au kusali, sijui. Nilikaa sakafuni nikalia, na nilipotoka mama akaniuliza macho yana nini nikamwambia vumbi. Nenda kaangalie mwenyewe. Mimi siwezi kulala katika nyumba ile nikijua kwamba pale kwenye kipande kile ndipo pekee ambapo ndugu yangu alijisikia yuko nyumbani.

Mpaka hapo, Baba, nilikuwa na mpango wa kukujibu kwa unyenyekevu. Ningeomba muda, ningesema mwakani, kama mlinzi wetu na jembe lake. Lakini barua yako ilikuwa na lile jambo la pili, nalo lilinifikisha mahali ambapo sikutaka kufika.

Siku nilipoipokea nilikwenda nayo kazini. Wakati wa kula tuliketi kivulini, mimi na Mama Karai, na kwa kuwa yeye huniuliza habari za binti yangu kila mara, nilimsimulia. Nilimwambia hata kwa kucheka kidogo, ili lisiniume sana. Nilisema mjukuu naye ametokea kuwa shoto, na babu yake ameshamfunga kitambaa. Mama Karai aliweka sahani yake chini. Hakula tena. Aliinama akakumbatia magoti kwa ile mikono ya chuma, nikadhani ameugua, nikataka kumwita msimamizi. Akanishika shati akaniambia nikae, kuna jambo amelibeba tangu siku ya ajali ya kaka na hawezi kulibeba zaidi ikiwa mtoto anafungwa.

Alisema kaka alirudi kutoka nyumbani akiwa amechelewa. Kazi ilikuwa imebana, mwenye jengo anapiga kelele, na msimamizi akamwomba apande kesho yake asubuhi bila kukaa zile siku zake za kungoja mkono. Kaka hakupenda, lakini hakuwa mtu wa kugoma. Akapanda. Mama Karai alisema alimwona tangu mwanzo kwamba hayuko sawa, anaushika mwiko kwa kushoto, anauhamishia kulia, anaurudisha, anacheka mwenyewe, anasema mkono wake umepotea njia baada ya mwezi mzima wa kujificha. Yeye akamjazia karai, akapanda, akamwinulia upande wa kushoto kama alivyozoea. Kaka hakutazama, alikuwa na macho ukutani. Akaushusha mkono wa kulia.

Haukukuta kitu. Karai likamgonga ubavuni, likaanza kumwagika, naye akageuka haraka kulidaka lisimwangukie Mama Karai mwenyewe, aliyekuwa chini yake kwenye ngazi. Mguu ukapita nje ya ubao. Mama Karai anasema hakupiga kelele. Anasema kitu cha mwisho alichokiona ni mikono yake yote miwili, imetangulia mbele pamoja, na hakuna hata mmoja ulioshika kitu.

Sisi tuliambiwa aliteleza. Ni kweli aliteleza, hakuna aliyetudanganya. Mama Karai hakuwahi kusema zaidi kwa kuwa alijua kwamba ni yeye aliyempa upande usio sahihi. Ndiyo maana miaka hii yote hakuweza kunipa mimi karai kwa kulia. Alikuwa akimpa kaka, alikuwa akingoja siku moja ateremshe mkono wa kushoto alipokee. Nilimwambia kwamba hana kosa. Nilimwambia mara nyingi, mpaka wenzetu wakaja kutuangalia, na nilikuwa namaanisha. Upande ule ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi siku zote isipokuwa siku hiyo.

Baba, nimekaa na jambo hili kwa wiki kadhaa kabla ya kushika kalamu. Nilikukasirikia, nakwambia kweli. Nilikukasirikia mpaka nikawa siwezi kutamka neno baba hata kwa watu wengine. Kisha nikakumbuka ulivyotusimulia kuhusu mwalimu wenu wa zamani, aliyewachapa watoto wa mkono huo mpaka mmoja akakimbia shule, na ulivyosema uliapa kwamba mwanao hatapigwa na mtu wa nje kwa kitu ambacho wewe unaweza kukirekebisha nyumbani bila fimbo. Najua ulimfunga kwa kumpenda. Ulichagua kitambaa laini. Hukuwahi kumpiga. Lakini kaka alikuja kuishi maisha yake mbali nasi ili aweze kushika kijiko, na tukasema ni mji uliomharibu. Siandiki haya ili ukalale kaburini pamoja naye. Naandika kwa sababu kuna mtoto mwingine.

Sitarudi kukaa, Baba. Nisamehe kwa kukwambia waziwazi. Nitakuja kabla ya mvua kama ulivyotaka, nitakulimia shamba lote na kupanda, na nitamtafuta mtu wa kulitunza pamoja nawe. Kisha nitaondoka na binti yangu. Mama yake alipoolewa kwingine alituachia sisi, nanyi mmemlea vizuri, ana afya na ana heshima, na deni hilo sitaweza kulilipa. Ila sasa nataka akulie kwangu. Nimeshamwomba mama mwenye nyumba chumba kingine, cha pembeni, chenye dirisha, na hiki cha kaka nitakikabidhi, jambo ambalo ulinituma kufanya tangu mwanzo. Fundi cherehani atakaa naye nikiwa kazini. Shule nimeiona, nimeongea na mwalimu wa darasa la kwanza, nikamwuliza kama ana neno na watoto wa mkono wa kushoto. Alinishangaa, akasema neno lake ni kwa watoto wanaochelewa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa tangu msiba.

Hapo awali nilibaki huku kwa ajili ya marehemu. Sasa nabaki kwa ajili ya aliye hai, na nadhani hata ule mwiko wa pembeni yangu unalijua hilo, kwa sababu wiki hii sijausikia, na sikuhuzunika.

Sasa nakuomba kitu kimoja ambacho hakiwezi kungoja nije. Ukifika hapa, weka barua chini. Mwite mchumba wako, mkalishe karibu yako, ufungue kile kitambaa. Fungua wewe mwenyewe, usimtume mama. Atakuuliza kwa nini, maana ni mdadisi na hakubali jibu la nusu. Mwambie babu alikosea. Akikuuliza tena, rudia hivyohivyo. Kisha mpe kalamu, umwache aishike anavyotaka, ndipo uendelee kusoma.

Kama umeshafungua, basi pokea salamu zangu zote, na za Mama Karai, anayesema angependa siku moja kukuona na kukuomba radhi, nami nimemwambia kwamba mtaombana. Kama hujafungua, rudi juu usome tena. Msalimie mama sana. Mwambie nilikuwa namwona alivyokuwa akilegeza fundo la kaka wewe ukishakwenda shamba, na kulikaza upya akisikia unakohoa njiani. Sikuwahi kumwambia mtu. Wasalimie wajomba, shangazi, na jirani mwenye mbuzi wakorofi.

Kuhusu mimi usihangaike, nakula vizuri na ngazi naipanda kwa uangalifu. Nikifika tutaongea ana kwa ana, na safari hii sitasema ndiyo Baba kwa kila kitu, lakini shikamoo nitakupa mlangoni kama kawaida.

Ni mimi mwanao,
yule uliyebaki naye.